Nafasi ya Kuitikia

"Ulitusikia?"

Nilimuuliza Nelima swali hilo siku ya pili baada ya yeye kurudi kutoka Ulaya. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na minne, na alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba yao hapa Manyatta, Kisumu, akiosha mgongo wazi kwenye karai. Mgongo wazi ni ile mifupa ya mbuta, samaki mkubwa wa ziwani, inayobaki viwandani minofu ikishaondolewa. Mama yake huikaanga kibandani kwake mtaa wa Obunga, na watu huifuata kwa harufu. Mimi nilitarajia kumkuta Nelima amebadilika. Nilidhani mtu aliyeonekana kwenye runinga za nchi nyingi namna ile hawezi kurudi akashika karai. Lakini ndiye huyo. Hata ndara zilikuwa zilezile, moja nyekundu, moja ya bluu.

Aliinua macho, akasema, "Aloo, mama yako anakuita."

Mama hakuwa ananiita. Mama alikuwa sokoni Kibuye tangu asubuhi, na Nelima mwenyewe alikuwa amemsalimia akipita. Nilienda zangu, lakini swali langu sikulisahau. Mimi nikiuliza kitu nisijibiwe, hakinitoki.

Labda nianze na nyanya yake, kwa sababu bila huyo hakuna kinachoeleweka. Nelima alilelewa Port Victoria na Kukhu Naswa, mama wa mama yake, mpaka alipofika darasa la tatu. Kukhu alikuwa mwimbishaji, yaani yule anayeanzisha wimbo ili wengine waitikie. Harusini alikuwa yeye, kanisani yeye, matangani yeye. Asubuhi wanawake wakianika omena kwenye nyavu ufuoni, Kukhu alikuwa anaita na wenzake wanaitikia huku mikono ikitawanya samaki, na katikati yao yuko Nelima na kisauti chake, anafundishwa.

Kukhu alikuwa mpole kwa mambo yote isipokuwa moja. Ukishaita, unafunga mdomo. Unangoja watu. Nelima alipokuwa mdogo alipenda kuita na kuitikia papo hapo, maana watoto hawapendi kungoja, na Kukhu alimpiga kikofi kidogo cha begani. "Ukijiitikia mwenyewe," alimwambia, "watu watajua huwahitaji. Watarudi kwao wapike."

Wimbo ambao Kukhu aliupenda kuliko yote ulikuwa wa kupokea watu. Ni wa Kinyala, lugha ya kwao Kukhu, lakini kwa Kiswahili ni kama hivi: mwimbishaji anauliza, "Mko wapi?" na watu wanajibu, "Tuko hapa, tuko hapa, tumekuja." Basi. Mengine mwimbishaji anayatunga papo hapo, akitaja waliofika: wavuvi, watoto wa shule, mama wa fulani, hata yule aliyechelewa. Nelima alipoletwa Kisumu kuishi na mama yake, alikuja na wimbo huo, akauingiza katika kanisa letu. Sisi Wajaluo tulikiimba Kinyala chetu cha kuchekesha, lakini tulikiimba kwa nguvu.

Ndivyo alivyosikika. Mama mmoja kutoka Nairobi alikuwa anazunguka akitafuta mtoto wa kuwakilisha nchi kwenye mashindano ya kimataifa ya waimbaji chipukizi, yale yanayorushwa moja kwa moja kwenye runinga. Kila nchi inapeleka mtoto mmoja, majaji wanatoa alama, na watazamaji wanapiga kura kwa simu. Watoto wengine walikuja kwenye majaribio na nyimbo za Kiingereza, wakapiga na sarakasi. Nelima alisimama tu, akauliza, "Mko wapi?" Wanasema hata mlinzi aliyekuwa mlangoni alijibu.

Manyatta tulikaa mwezi mzima kama watu wenye harusi. Mji aliokwenda kila mtu alilitamka jina lake kivyake, na hakuna aliyekubali kurekebishwa.

Sasa, siku ya mashindano. Ilikuwa Jumapili, saa ambayo jua linaanza kulainika. Mama Lornah, jirani yetu mwenye runinga kubwa, alifungua sebule yake, na tulipojaa akafungua dirisha ili wengine watazame kutoka nje. Walikuwepo wanakwaya wote na Mwalimu Wakhungu anayewafundisha. Alikuwepo Opondo, mwendesha boda boda wa pale njia panda, amepakata helmeti kama mtoto mchanga.

"Nyamazeni, ni yeye!"

"Mbona wamempaka rangi hivyo? Huyo ni Nelima kweli?"

"Ni yeye. Angalia shingo. Hiyo ni shingo ya Kukhu wake."

Alikuwa na gauni la kitenge, amesimama peke yake kwenye jukwaa lililo kubwa kuliko uwanja wa shule yetu. Ngoma ikaanza. Akaita, "Mko wapi?" na akanyoosha mkono.

Tulijibu. Sijui nieleze vipi. Mabati ya Mama Lornah yalilia. Waliokuwa dirishani walijibu, na waliokuwa barabarani wasioona chochote walijibu pia. Opondo, ambaye sauti yake ni kama ya ndama aliyefungiwa, alijibu akiwa amesimama juu ya stuli. Mimi niliitikia mpaka kifua kikauma. Tulipomaliza, Nelima akaingia palepale, bila kuchelewa hata kidogo, kama vile tuko naye. Akaita tena, tukajibu tena. Leso ilimtoka Mama Lornah kiunoni na hakuna aliyemwambia.

Alama zilipotoka, nchi yetu ilikuwa karibu na mkia.

"Hawa watu hawana masikio," Opondo alisema, na sote tukakubaliana kwamba hawana.

Kesho yake video ikafika. Siku ile hakuna aliyekuwa amerekodi chochote sebuleni, sote tulikuwa tunaimba, kwa hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia kilichosikika kule. Nelima anaita, "Mko wapi?" ananyoosha mkono, anafunga mdomo. Halafu hakuna kitu. Ngoma inapiga peke yake. Kamera inamtazama, inasubiri, inaona aibu, inakimbilia kuonyesha bendera na taa. Mtangazaji anasema taratibu, kama mtu aliye hospitalini, "Maskini, mtoto amesahau maneno."

Kabla ya mchana video ilikuwa kwenye kila simu. Jioni, njia panda, walikuwa wanacheka.

Jambo hili lilinishangaza na bado linanishangaza. Waliocheka zaidi ni watu wa sebule ile. Walikuwa wameijaza ile nafasi kwa vinywa vyao wenyewe, mate yao yalikuwa bado kwenye runinga ya Mama Lornah. Lakini simu ilisema amesahau, na wao wakaiamini simu. Nami niliitazama video mara nyingi hadi nikaanza kujiuliza kama kweli tuliimba.

Opondo ndiye aliyembandika jina. Siku ambayo Nelima alishuka kwenye gari, begi mgongoni, Opondo alipaza sauti kutoka njia panda, "Stima! Zimerudi ama bado ziko chini?" Wenzake wakaangua kicheko. Tangu hapo akawa Stima, kama umeme unaopotea ghafla. Akipita, mtu anasema, "Leo kutakuwa na giza." Nelima naye alicheka pamoja nao. Nilimwona akicheka, na siku iliyofuata ndipo nilipoenda kumuuliza swali langu.

Baada ya hapo hakuanzisha wimbo tena. Kanisani alihamia benchi la nyuma. Aliitikia, tena vizuri, lakini hakuita. Mwalimu Wakhungu alimbembeleza Pasaka kwa Pasaka.

"Nelima, moja tu. Ya kufungulia ibada."

"Mwalimu, niko na homa."

"Homa gani hii isiyo na mwisho?"

"Ni ya koo, Mwalimu. Ya koo ni mbaya."

Alimaliza shule, akajiunga na mama yake Obunga. Mimi nilikua nikiwa huko kila Jumamosi, kwanza kwa sababu ya samaki, halafu kwa sababu ya kumchunguza. Nelima anakaanga kama mtu anayecheza bao: hana haraka, lakini ukipepesa macho tayari amegeuza. Anamjua kila mteja na sehemu anayotaka, huyu kichwa, yule mkia. Anataniana na wote. Mzee mmoja aliwahi kulalamika kwamba kipande chake ni mifupa mitupu, naye akamjibu, "Baba, jina lake ni mgongo wazi. Ulitaka niuvalishe?"

Lakini kitu nilichokigundua polepole ni hiki: sijawahi kumwona akimwacha mtu aimbe peke yake. Mlevi akipita anaburuta wimbo wa zamani, Nelima anamwitikia bila kuinua macho kutoka kwenye mafuta. Wasichana wakiruka kamba, anayehesabu akiita, Nelima anajibu kutoka kwenye jiko. Muuza sufuria anapita akitangaza bidhaa zake kwa wimbo, na yeye anamalizia. Watu walidhani ni mzaha. Mimi nilidhani hivyo pia.

Siku moja yeye alipokwenda kuchota maji nilimuuliza mama yake, "Mama Nelima, kule Ulaya alisahau kweli?"

"Asahau nini? Wimbo huo una maneno gani ya kusahau?" Alifuta mikono kwenye aproni. "Walimwambia mashindano ni ya sauti moja. Wakatoa waitikiaji kwenye muziki, ikabaki ngoma na gita. Mwalimu wao wa sauti, mtu mzuri tu, akamfundisha kujaza pale. Aite, halafu ajijibu mwenyewe. Kwa mazoezi alijaza kila mara, hakukosea. Alikuwa ananipigia simu ananiambia, Mama, leo nimejaza vizuri, wamenipigia makofi."

"Basi ilikuwaje?"

"Hata mimi hajaniambia. Najua tu anaogopa kimya. Na si kimya cha kule, nyathina, mtoto wangu. Cha huko angekisahau. Alirudi akakuta hapa nyumbani tuliomwitikia tunamcheka. Sasa akiita, ajue atajibiwa na nani?"

Desemba iliyopita Kukhu Naswa alifariki. Hakuugua sana, alikuwa mzee. Tuliposikia, jambo la kwanza watu wa kanisa walilosema baada ya pole lilikuwa lilelile, kwa sauti ya chini: nani ataimbisha?

Kwao Kukhu, maiti ya mwimbishaji haiingii bomani kimyakimya. Jeneza linasimamishwa nje ya lango, lango likiwa limefungwa. Mtu aliyefundishwa na marehemu anauita ule wimbo wa kupokea watu. Walio ndani na walio nje wanaitikia, na hapo ndipo lango linafunguliwa. Waliofundishwa na Kukhu wakafikia kuimbisha walikuwa wawili. Mmoja alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Wa pili alikuwa Nelima.

Kanisa lilikodi gari, tukaenda. Opondo alitangulia na nduthi yake, ile pikipiki ya boda boda, akiwa amebeba kamba za hema, kwa sababu Opondo ana mdomo mrefu lakini hakosi kwenye msiba wa jirani. Port Victoria kulikuwa na upepo kutoka ziwani na harufu ya omena, na watu wamejaa hadi kwenye shamba la mihogo. Wengi walikuwa vijana. Niliwasikia wawili nyuma yangu.

"Ndiye huyo? Yule wa video?"

"Ndiye. Weka simu tayari. Maneno yakimpotea tena tunaipata laivu."

Mjomba Wechuli, kaka wa mama yake Nelima na msimamizi wa mazishi, alikuja mbio kabla jeneza halijashushwa. Alikuwa ameleta spika kubwa na jenereta.

"Nelima, mtoto wangu, sikiliza. Nina wimbo mzuri hapa, umerekodiwa, kwaya nzima iko ndani. Tubonyeze tu. Hakuna atakayekulaumu."

"Kukhu hakusema spika, Mjomba."

"Kukhu hakujua haya mambo ya simu! Unawaona hawa? Hawakuja kulia, hawa. Na ukiita wasiitikie?"

Nelima alitazama lango. Niliona mikono yake, alikuwa anaikamua kana kwamba bado ina maji ya karai.

"Basi nitangoja," alisema.

Wabebaji wakainua jeneza mabegani, wakasimama mbele ya lango. Nelima akatoka mbele. Sikuwa nimemsikia akiita tangu utotoni, na nilikuwa nimesahau kwamba sauti yake haina haraka.

"Mko wapi?"

Akanyoosha mkono, ule ule wa kwenye video, na akafunga mdomo.

Hakuna aliyejibu.

Nimefikiria sana kwa nini. Si kwamba watu walikuwa wabaya. Nusu yao walikuwa wameshika simu juu, na mtu anayerekodi hujizuia hata kukohoa, asije akaharibu. Waliobaki waliona wenzao wamenyamaza, wakadhani ndivyo inavyotakiwa. Walio ndani ya lango walikuwa wanangoja walio nje. Sisi wa Manyatta, ninavyojua, tulikuwa na aibu, kila mmoja akingoja mwingine aanze. Nilifungua mdomo na sauti ikakataa. Upepo ulipita. Nilisikia mbao za jeneza zikilia kidogo mabegani mwa wabebaji.

Mama yake alimsogelea kwa nyuma. "Jaza, mwanangu," alimnong'oneza. "Jaza tu. Kukhu ataelewa."

Nelima hakujaza. Hakushusha mkono wala hakuuliza tena. Alikaza shingo, ile shingo ya Kukhu, na mdomo ulibaki umefungwa. Alingoja.

Halafu, kutoka kwenye kamba za hema, ndama akalia.

"Tuko hapaaa!"

Alikuwa Opondo. Alikuwa na helmeti kichwani na Kinyala kibovu kuliko cha mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa, na nota aliyoikamata haikuwepo kwenye wimbo huo wala mwingine. Mtu mmoja alicheka. Kisha wengi wakacheka, katikati ya msiba, na vinywa vilivyofunguka kwa kicheko vikakuta maneno yako tayari. "Tuko hapa, tumekuja," Mwalimu Wakhungu akasema kwa besi. Mama Lornah akadaka. Wa ndani ya lango wakajibu. Wale vijana wawili nyuma yangu walijibu, na simu zao zikashuka zenyewe, kwa sababu huwezi kuimba hivyo na mkono ukatulia. Mimi sauti yangu ilirudi, sijui ilikuwa imekwenda wapi.

Lango likafunguliwa. Nelima akamwingiza nyanya yake nyumbani, huku yeye akitutaja mmoja mmoja, waliotoka Manyatta, waliotoka Obunga, wavuvi, wanaoanika omena, na mwenye nduthi.

Baada ya maziko nilikuwa karibu Opondo alipomfuata Nelima kwenye foleni ya chakula. Alikuwa amevua helmeti, anaizungusha mikononi.

"Leo stima zimewaka," alisema.

"Ziliwaka kwa sababu ya fundi," Nelima alimjibu. "Ila fundi akaimbe mbali na watoto, wataota vibaya."

"Wacha zako, wewe." Akaipachika helmeti kwapani. "Hata siku ile mimi niliimba, Nelima. Kwa Mama Lornah. Nilipanda stuli."

"Najua," Nelima alisema. "Aloo aliniambia."

Sikuwa nimemwambia hilo. Nilikuwa nimemuuliza tu, siku ile nikiwa na miaka tisa, akanituma kwa mama asiyeniita.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Obunga kama kawaida. Wateja walikuwa wachache bado, mafuta ndiyo yanaanza kuchemka. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamtazama akipanga vipande.

"Kuna swali lilibaki," nilisema.

"Lako ama la nani?"

"Langu. La zamani. Uliniambia mama ananiita."

Alicheka bila sauti. Akageuza kipande, akageuza cha pili. Mbele ya kibanda alipita mtoto akiimba wimbo wa shule, na Nelima akamwitikia ubeti mzima kabla hajanirudia.

"Uliuliza kama niliwasikia."

"Eeh. Ulitusikia?"

"Sikuwasikia," alisema. "Nilisikia ngoma, na viti vya watu vikilia. Lakini nilijua saa hiyo mko kwa Mama Lornah mmejaa hadi dirishani. Sasa Aloo, ningeijaza ile nafasi mwenyewe, nyinyi mngeingia wapi?"